Data ya mchakato usiifunge kwa PID

Wenzangu mnaotunza seva hapa Mombasa, kuanzia ofisi za klaringi za Kilindini hadi maghala ya Changamwe: ukiandika programu ya eBPF (programu ndogo inayoendeshwa ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux) ya kufuatilia michakato, achana na jedwali la heshi lenye PID, nambari ya utambulisho wa mchakato, kama ufunguo. PID hutumika tena. Mchakato ukifa na rekodi yake ikabaki, mwingine utakuja na nambari ile ile urithi data isiyo yake. Kosa la aina hii linachosha mno kulitafuta, maana huonekana siku moja moja tu.

Tumia BPF_MAP_TYPE_TASK_STORAGE, aina ya hifadhi ya eBPF iliyoingia Linux 5.11 mwaka 2021. Data hushikizwa kwenye task_struct yenyewe, yaani rekodi ambayo kerneli huitunzia kila kazi inayoendeshwa. task_struct ikiondoka, kerneli huifuta data pamoja nayo. Weka BPF_F_NO_PREALLOC, ufunguo uwe int, max_entries iwe 0. Kisha ita bpf_task_storage_get pamoja na BPF_LOCAL_STORAGE_GET_F_CREATE, na ukague NULL kabla ya kugusa kitu, la sivyo verifaya, mkaguzi wa kerneli wa programu za eBPF, itakukatalia. Pointa ya task_struct ichukue kwa bpf_get_current_task_btf. Ile bpf_get_current_task hurudisha nambari tupu, haifai hapa.

Angalieni sana hili: task_struct ni ya kila uzi (thread), si ya mchakato mzima. Programu ya Java yenye nyuzi mia itapata hifadhi mia. Ukitaka moja kwa wote, pitisha task->group_leader, yaani uzi mkuu wa mchakato.

Ukisoma kutoka nje ya kerneli, ufunguo ni pidfd (kishikio cha faili kinachoelekeza kwenye mchakato), si PID. Ifungue kwa pidfd_open.