Jinsi ya kujenga reli ya mfano ya geji nyembamba, kuanzia ubao mtupu

Geji ni upana kati ya reli mbili za njia, na ya kawaida duniani ni milimita 1435. Zilizo chini ya hapo ndizo tunaziita nyembamba: 1067, 1000, 914, 762, 610 na hata pungufu. Nyingi zilijengwa mahali palipokuwa na mzigo wa kubeba lakini hapakuwa na fedha za kutosha kupasua mlima: machimbo ya mawe, misitu ya mbao, mashamba ya miwa. Njia ikauzunguka mlima badala ya kuutoboa. Ukilishika hilo, maamuzi mengi ya modeli yako yanajiamulia yenyewe: kona kali, treni fupi, mwendo wa pole, nyasi kati ya mataruma, na mabehewa yenye viraka. Kuna faida nyingine pia. Ubao wa milimita 1200 kwa 600 unatosha kabisa kwa reli kamili inayozunguka, kitu ambacho geji ya kawaida ya skeli hiyohiyo (uwiano wa modeli na kitu halisi) haikupi.

Hatua ya 1: Amua treni inabeba nini

Kabla hujanunua chochote, andika mistari mitatu: mzigo ni nini, unatoka wapi, unashushwa wapi. Usidharau zoezi hili. Reli ya Ffestiniog kule Wales, iliyofunguliwa mwaka 1836, ilijengwa kushusha mawe ya kuezekea kutoka machimboni hadi bandarini. Mabehewa yaliyojaa yaliteremka kwa uzito wake yenyewe, farasi wakayarudisha matupu juu, hadi vichwa vya treni vya mvuke vilipoanza kazi mwaka 1863. Kwa sababu hiyo njia ilibidi iteremke karibu mfululizo. Reli ya Darjeeling nchini India, geji ya milimita 610, iliyofika juu mwaka 1881, ilipanda milima kwa kujizungusha na kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mithili ya herufi Z. Kila moja imepata sura yake kutokana na mzigo na ardhi.

Basi kila jengo, kila njia ya pembeni na kila rundo la mbao kwenye ubao wako lijibu swali la mzigo. Lisilojibu, liache.

Hatua ya 2: Chagua skeli na geji kwa hesabu

Hesabu ni rahisi: zidisha geji ya modeli kwa namba ya pili ya skeli. Reli ya milimita 9 katika skeli ya 1:87 inawakilisha milimita 783, karibu sana na 762 na 750. Hiyo ndiyo inayouzwa kama HOe au HOn30. Reli hiyohiyo ya milimita 9 katika 1:76 inaitwa OO9, nayo inatoa 684. Ukitaka geji ya mita, tumia reli ya milimita 12 katika 1:87, yaani HOm. Wenye nafasi kubwa au macho yaliyochoka wanapenda On30, reli ya milimita 16.5 katika 1:48, inayotoa 792.

Kwa anayeanza napendekeza reli ya milimita 9. Mitambo yake na magurudumu yake hufuata vipimo vya skeli ya N (skeli ndogo ya reli za kawaida, nayo ni ya milimita 9), hivyo vipuri havikosekani. Lakini kama kinachokuvuta ni vitu vidogovidogo, nati za behewa, vishikizo vya milango, nyuso za watu, nenda On30 moja kwa moja. Katika 1:87 utatumia miezi kuchonga vitu ambavyo mgeni hatavibaini bila lenzi.

Hatua ya 3: Ubao

Fremu ya mbao, juu yake plaiwudi ya milimita 9, na juu ya plaiwudi bodi ya povu gumu la polistairini yenye unene wa milimita 50. Chagua lile lililoshikamana, si lile la chembechembe linalofungiwa vifaa vya umeme. Libandike kwa gundi isiyo na kiyeyushi, kwa sababu polistairini huyeyuka ikiguswa na gundi za petroli na rangi nyingi za kupuliza. Tumia pima maji pande zote. Ubao uliolala upande mmoja utakusumbua kila siku, maana mabehewa yatakuwa yanajiteremkia yenyewe.

Povu ni la lazima kwa maoni yangu. Ubao mtupu unaruhusu kujenga kwenda juu tu, na mandhari inaishia kuonekana kama vilima vilivyowekwa juu ya meza. Ukiwa na povu unachimba bonde chini ya njia, na daraja linapata sababu ya kuwepo.

Hatua ya 4: Chora njia kwa ukubwa wake halisi

Tandaza karatasi kubwa juu ya povu. Funga penseli kwenye uzi na uchore kona zenye nusu kipenyo cha milimita 250. Kiwango cha chini kinachozoeleka kwa reli ya milimita 9 ni kama 228, lakini vichwa virefu vinalalamika hapo. Usiiingize treni kwenye kona ghafla. Acha mkunjo uanze taratibu, hata kwa urefu wa behewa moja tu.

Mwinuko ndio unaowaumbua wengi. Ukitaka njia ipite juu ya njia nyingine, katika 1:87 unahitaji kama milimita 50 kutoka reli ya chini hadi ya juu. Kwa mwinuko wa 1:40, yaani milimita 1 juu kwa kila 40 mbele, hiyo ni milimita 2000 za njia ya kupanda, na bado hujahesabu kushuka. Kona nayo inaongeza mzigo kwa kichwa cha treni. Kwenye ubao mdogo, dawa ni kugawana kazi: njia moja ipande milimita 25, nyingine ichimbiwe milimita 25. Au acha njia yote ikiwa sawa na ushushe ardhi. Jicho halitambui tofauti.

Hatua ya 5: Laza reli

Nunua reli ndefu inayopindika, ya geji nyembamba hasa. Mataruma yake ni mazito, yametengana, na hayajapangika sawasawa. Reli ya kawaida ya skeli ya N ina upana huohuo lakini mataruma yake ni madogo na yamesongamana, na yatakusaliti hata ukiyafunika.

Kiungo kikiangukia kwenye kona, unganisha vipande viwili vikiwa vimenyooka, vichomee kwa risasi ya kulehemu, kisha ndipo upinde kama kipande kimoja. Ukipinda kwanza na kuunga baadaye, ncha zitataka kunyooka na utapata pembe kwenye kiungo. Sehemu zilizonyooka acha mwanya mwembamba, karibu nusu milimita, reli ipate pa kutanukia joto likipanda. Kila ncha iliyokatwa ipige tupa juu na upande wa ndani. Kisha pitisha ukucha taratibu juu ya kiungo. Ukucha ukikwama, gurudumu nalo litaruka.

Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao iliyopakwa nyembamba, weka uzito juu, acha usiku kucha. Chini ya pointi, pale njia inapogawanyika, usipake gundi kabisa. Zishikilie kwa pini, kwani siku moja utataka kuzing'oa.

Hatua ya 6: Umeme

Mfumo wa kawaida ni volti 12 za mkondo mnyoofu, reli moja chanya na nyingine hasi. Pitisha nyaya mbili nene chini ya ubao, kama milimita 1.5 za mraba, na kutoka hapo peleka waya mwembamba kwenye kila kipande cha reli. Usitegemee viungio vya reli kupitisha umeme. Vinalegea, vinaingia rangi na gundi, na treni inaanza kusuasua mahali usipopajua.

Kuchomea waya kwenye reli kunahitaji mkono mwepesi. Kwangua ubavu wa nje wa reli mpaka ung'ae, paka flaksi (dawa inayosaidia risasi kushika), weka tone la risasi kwenye reli na jingine kwenye waya, kisha vikutanishe na uguse kwa sekunde moja au mbili. Bana kibanio cha chuma kila upande wa sehemu hiyo ili kinyonye joto kabla halijafika kwenye mataruma ya plastiki. Ubavu wa nje, narudia: ndani hupita ukingo wa gurudumu.

Pointi zinastahili fikra zaidi. Kitovu cha pointi, pale reli mbili zinapokatana, kinaweza kuwa cha plastiki au cha chuma chenye umeme. Cha plastiki ni rahisi kufunga, lakini vichwa vya geji nyembamba ni vifupi, mara nyingi magurudumu manne tu, na kikikanyaga plastiki kinazima palepale. Chukua cha chuma, na ufunge swichi inayobadilisha umeme wa kitovu pamoja na ndimi, zile reli zinazosogea kuelekeza treni. Kazi ni ya jioni moja tu. Ukitumia mfumo wa dijitali wa DCC, unaokipa kila kichwa amri zake kupitia reli, chagua chipu inayokubali kapasita ya kuhifadhi umeme. Kichwa kitavuka uchafu mdogo bila kusita.

Njia ikijizungusha na kurudi ilikotoka kwa mwelekeo wa kinyume, chanya itakutana na hasi na utapata shoti. Kata reli zote mbili pande zote mbili za mzunguko huo, kisha uupe swichi yake.

Hatua ya 7: Endesha kabla hujagusa udongo

Hatua hii haina ubishi. Endesha kwa mwendo wa chini kabisa, mbele na nyuma, ukisukuma mabehewa na ukiyavuta, siku kadhaa. Kasoro unayoiona sasa inarekebishwa kwa tupa; baada ya kokoto inarekebishwa kwa patasi.

Chukua pia behewa lako refu kuliko yote, libandike penseli kila upande, ncha ikigusa karatasi, na ulisukume kwa mkono katika kona zote. Mistari itakayobaki ndiyo mpaka. Mwamba, ukuta wa stesheni na mdomo wa handaki vikae nje yake.

Hatua ya 8: Ardhi

Chonga povu kwa kisu kirefu na msasa, ukiwa umevaa barakoa. Fuata mantiki ya maji: yalitoka wapi, yalipita wapi, yalikata nini. Funika kwa bandeji za plasta, kisha paka rangi ya udongo kila mahali ili weupe usije ukachungulia baadaye. Miamba imwagie plasta kwenye kalibu ya mpira, uibandike ikiwa haijakauka kabisa, halafu ipake rangi nyeusi iliyozimuliwa sana iingie kwenye nyufa. Malizia kwa brashi karibu kavu yenye kijivu cheupe, ukigusa ncha tu.

Hatua ya 9: Rangi ya reli na kokoto

Paka mbavu za reli rangi ya kutu, na ufute uso wa juu kabla haijakauka. Mataruma yawe ya kijivu kilichochanganyika na kahawia, mawili matatu yakiwa tofauti, kama vile yamebadilishwa juzi. Ndimi za pointi ziache.

Kokoto safi zenye kingo zilizonyooka ni za reli tajiri. Huku walitumia majivu, changarawe na udongo uliokuwa jirani. Chukua udongo halisi, ukaushe, uchekeche kwa chujio la chai, kisha pitisha sumaku juu yake mara kadhaa. Utashangaa kinachonata: chembe za chuma ambazo zingevutwa na mota ya treni na kuitafuna.

Mwaga kidogokidogo, sambaza kwa brashi laini, ibakie chini kidogo ya uso wa mataruma, na isiwepo hata chembe kwenye ubavu wa ndani wa reli. Puliza ukungu wa maji yenye alkoholi au tone la sabuni mpaka udongo ulowe wote, kisha dondoshea gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji kiasi sawa, kwa bomba la sindano. Udongo usipolowa kwanza, gundi itajikunja kuwa vidonge na kuacha mashimo. Karibu na ndimi za pointi tia tone la mafuta mepesi yasiyodhuru plastiki, na gundi uiweke mbali. Acha siku nzima.

Hatua ya 10: Nyasi

Nyuzi za nyasi husimamishwa kwa umemetuli. Kifaa kinazichaji, pini yake inashikizwa kwenye gundi mbichi, nyuzi zinaruka na kusimama wima. Piga hesabu ya skeli hapa pia: uzi wa milimita 4 katika 1:87 ni nyasi ya sentimita 35, inayofika magotini karibu. Kati ya reli tumia milimita 2, kisha punguza kwa mkasi. Changanya angalau rangi tatu, moja iwe ya majani makavu. Kijani kimoja kilichotanda kote huharibu kazi nzuri kuliko kosa lolote la reli.

Hatua ya 11: Majengo na mabehewa

Kibanda cha mabati, tangi la maji, jukwaa la kupakilia; inatosha. Vizamishe kidogo ardhini ili pasiwe na mwanya chini ya kuta. Mabehewa yachakaze kwa unga wa chaki zilizokwanguliwa, kutu ikianzia chini, na mikwaruzo iwe pale mzigo unapogonga. Maliza kwa vanishi isiyong'aa, ukiwa umefunika magurudumu.

Kutunza

Reli ifute kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye alkoholi ya isopropili. Msasa usiuguse, kwa sababu mikwaruzo yake ndiyo inayokusanya uchafu mpya. Magurudumu ya kichwa yana njia yake: laza kitambaa kilicholowa juu ya reli, shika kichwa kwa mkono magurudumu ya mbele yakiwa juu ya kitambaa na ya nyuma juu ya reli kavu, washa umeme kidogo, yatajisugua yenyewe. Kisha geuza.