Paipu za breki na tairodi: jinsi nilivyoirudisha barabarani Hilux ya samaki

Pikapu yangu ni Hilux ya mwaka 1994, dizeli, na kazi yake ni moja: kubeba samaki kutoka soko la samaki la Deep Sea, Tanga, kwenda Muheza, siku nyingine hadi Korogwe. Barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanachuruzika kutoka kwenye bodi hadi kwenye chesisi. Juu yake ongeza upepo wa bahari wa Tanga. Kwa hiyo paipu za breki kuoza si ajabu.

Ajabu ni nilichokikuta siku pedali ilipozama hadi chini karibu na stendi ya Kange, nikasimama kwa gia na hendibreki. Fundi mmoja, simtaji, alikuwa amekata kipande kilichooza na kuunga kwa mpira wa dizeli na klipu mbili. Mpira ule haujatengenezwa kubeba presha ya breki. Ukiona kiraka cha namna hiyo chini ya gari lako, usiliwashe tena.

Nikaamua kufanya mwenyewe nyumbani Ngamiani, na mpwa wangu akawa mguu wa pedali.

Gari likae juu ya stendi, si jeki tupu, na kwenye ardhi ngumu. Piga brashi ya waya paipu yote, hasa pale kwenye klipu za chesisi. Klipu inashika tope, tope linashika chumvi, na kutu huanza nyuma yake usipopaona. Kwangu paipu ndefu ya nyuma ilikuwa nzima kwa macho, ila nilipoikwangua klipu ya tatu ikamwagika unga. Ndiyo maana sibadilishi kipande. Nabadilisha kutoka maungio hadi maungio.

Nati zake ni namba 10. Usitumie spana ya kawaida. Tafuta ile ya paipu, ambayo mdomo wake umekatwa kidogo tu, inaikumbatia nati karibu yote. Zangu nilizilowesha mafuta ya kulegezea kutu usiku kucha, na bado moja ikaviringika, nikaikata na paipu yake.

Paipu mpya ni ya inchi 3/16. Chukua ya chuma, au ya shaba iliyochanganywa nikeli, ambayo kutu haiiwezi. Atakayekuuzia shaba ya friji mwambie asante: ni laini na mtikisiko unaichosha hadi inapasuka. Ipinde taratibu kwa kuizungushia chupa ya soda, isije ikajikunja.

Sasa mdomo wa paipu, na hapa usiharakishe. Kata kwa kikata paipu, si kwa msumeno, kisha toa makali ya ndani. Halafu INGIZA NATI KWANZA. Mimi nilichanua mdomo safi kabisa, nikauangalia kwa furaha, nati iko mezani. Mpwa akasema, "Mjomba, na hii?" Nikakata upya. Kifaa cha kuchanulia kina kidude kidogo: ukikaza nacho, mdomo unavimba kama kitunguu, ukikitoa na kukaza tena kwa koni, uvimbe unajikunja kwa ndani. Huo ndio mdomo wa kukunjwa mara mbili. Wa tarumbeta, uliochanuliwa mara moja tu, hupasuka.

Mipira laini inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu nayo badilisha, pamoja na washa za shaba. Washa ya zamani itakuvujishia.

Kutoa upepo: fungua chupa mpya ya mafuta ya breki, DOT 3. Iliyokaa wazi imeshakunywa unyevu, na pwani hii unyevu haukosekani. Anza na gurudumu lililo mbali na masta (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali): nyuma kushoto, nyuma kulia, kisha valvu ya mzigo, inayopima nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo, iliyo karibu na ekseli ya nyuma, ambayo wengi huisahau, halafu mbele kushoto, na mbele kulia mwisho. "Kanyaga!" "Nimeshika!" Fungua nipo (skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye breki), funga, ndipo aachie. Akiachia mapema anavuta hewa, mnaanza upya. Kila mara ongeza mafuta kwenye masta, na yakidondoka kwenye rangi mwagia maji haraka.

Upande wa mbele ni mwepesi zaidi. Inua gurudumu, lishike kushoto na kulia, litikise. Likicheza, angalia tairodi, fimbo inayopeleka mwendo wa usukani kwenye gurudumu. Lishike juu na chini. Likicheza, mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki ni bol jointi, kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika gurudumu kwenye mikono yake. Yangu ilikuwa tairodi. Unapoifungua, hesabu mizunguko hadi itoke. Yangu ilitoka kwa mizunguko 17 na nusu, mpwa akaandika ukutani kwa chaki, na mpya ikaingia vivyo hivyo. Kuing'oa, gonga ubavu wa jicho la mkono kwa nyundo, usigonge nyuzi. Kota pini (pini ya kuzuia nati isifunguke) iwe mpya, na tundu lisipolingana kaza mbele kidogo, usirudishe nyuma. Bol jointi sikuzigusa: torsheni baa, ile nondo inayojisokota badala ya springi, ina nguvu ya kuvunja mkono, hiyo ni kazi ya mwenye vifaa. Baadaye nikaenda kupima alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, maana mizunguko inakufikisha gereji tu.

Kabla ya kutoka, zungushia kila maungio karatasi nyeupe, kanyaga pedali kwa nguvu mara kumi, kisha kagua. Yangu moja ililowa, ile ya nyuma kulia. Nilikata mdomo ule usiku uleule kwa mwanga wa simu, na safari hii nati ilitangulia.