SOMO: Vibali vya kubeba mizigo kuvuka mpaka kwa barabara, unaanza na kipi?

Habari zenu wakuu. Wengi wakishapata lori na dereva mwenye leseni ya magari makubwa wanajua mambo yameisha, kumbe ile ni ruhusa ya kuendesha tu, haikupi haki ya kubeba mzigo wa mtu kwa malipo ukavuka nao mpaka. Fuateni mpangilio huu maana ukiruka kimoja, cha mbele hutoki.

1. Leseni ya usafirishaji. Hii ni ya mwenye biashara, siyo ya dereva. Umoja wa Ulaya kwa mfano wanataka uwe na ofisi ya kweli, rekodi safi, mtu mwenye cheti cha kusimamia usafirishaji, na mtaji, kwa malori ni euro 9,000 gari la kwanza na 5,000 kila linaloongezeka. Na tangu Mei 2022 hata vigari vya zaidi ya tani 2.5 vikivuka mpaka kibiashara navyo vinaitaka.

2. Kibali cha gari kuingia nchi ya watu. Hapa ndo pagumu, leseni ya kwenu upande wa pili haina nguvu mpaka nchi hizo ziwe na makubaliano, kuna kibali cha safari moja na cha muda mrefu, na lazima usome kinaruhusu nini hasa, kupita tu, kushusha, au na kupakia mzigo wa kurudi, manake kibali cha kupita ukishusha nacho hata katoni moja umevunja sheria na gari linaweza kuzuiwa palepale. Ukipita nchi tatu angalia zote tatu, siyo ile unayoshushia tu.

3. Bima. Ya nyumbani mara nyingi inaishia mpakani. Nchi nyingi za COMESA, ule umoja wa soko la mashariki na kusini mwa Afrika, zina bima ya gari ya kuvuka mpaka inaitwa kadi ya njano, Ulaya ni kadi ya kijani. Hizo kimsingi ni za madhara kwa watu wengine, mzigo unakatiwa bima yake.

4. Makaratasi ya mzigo. Nchi zilizo kwenye CMR, mkataba wa 1956 wa kubeba mizigo kimataifa kwa barabara, mnajaza hati ya CMR nakala tatu, ya mtumaji, ya kusafiri na mzigo na yako. Forodha ni habari nyingine kabisa.

MASWALI

– Mkuu mi nabeba mzigo wangu mwenyewe, na mimi leseni ya usafirishaji inanihusu?
Nchi nyingi wanakusamehe hiyo, ila mzigo uwe wako kweli na dereva awe wako. Ukichomeka na mzigo wa jirani kwa nauli umeshakuwa msafirishaji. Forodha haikusamehi.

– Nikishashusha naweza kubeba mzigo kutoka mji mmoja kwenda mwingine humohumo ndani?
Hiyo inaitwa kabotaji, sehemu nyingi marufuku. Ulaya wanaruhusiana wenyewe kwa wenyewe, safari 3 ndani ya siku 7 baada ya kushusha.

– Kaka na sisi wa kemikali je?
Dada, nchi zinazofuata ADR, mkataba wa kusafirisha mizigo hatari kwa barabara, dereva anasomea kozi yake na cheti kinadumu miaka 5, gari nalo linabandikwa vibao vya rangi ya chungwa mbele na nyuma. Anza na kozi ndo utafute mzigo.