Mbwa Wako Amekutwa na Mlio Moyoni: Cha Kufanya Kuanzia Leo

Mara nyingi hugunduliwa siku ya chanjo ya kichaa. Daktari wa mifugo anamsikiliza kifua, anarudia upande wa kushoto, kisha anakuambia moyo una mlio. Mlio huo ni damu inayopita kwa vurugu ndani ya moyo. Ni dalili tu, ugonjwa wenyewe bado haujajulikana. Kabla hujaondoka uliza ni wa daraja la ngapi kati ya 1 na 6. La 1 husikika kwa shida, la 5 na la 6 unaweza kulihisi kwa kiganja. Mtoto wa mbwa mwenye mlio hafifu asikutie hofu, kwa kawaida humwisha akifikisha miezi 4 au 5.

Sasa inua mdomo utazame ufizi. Ukiwa mweupe, anza na damu kabla ya kulaumu moyo. Homa ya kupe na minyoo ya safura humwishia mbwa damu, na damu ikishakuwa nyepesi hukimbia kwa kasi moyoni hadi ikatoa mlio, hata moyo ukiwa mzima. Huku Mwanza, kwa mbwa anayelala karibu na zizi, hili ndilo la kupima kwanza: wingi wa damu (kawaida ni asilimia 37 hadi 55) na tone la damu kwenye kioo cha hadubini. Akitibiwa na damu ikarudi, asikilizwe upya. Omba pia kipimo cha minyoo ya moyo, inayoenezwa na mbu. Minyoo hiyo huchukua takriban miezi 6 kukomaa, kwa hiyo kipimo cha mapema kinaweza kudanganya. Na usimchome ivamektini ya ng'ombe kwa kukisia: dozi yake si ya mbwa, na minyoo michanga ikifa mingi kwa mpigo humwangusha.

Damu ikiwa sawa, ndipo eksirei na picha ya ultrasaundi ya moyo. Kwa mbwa wa umbo dogo waliozeeka kosa huwa kwenye vali (mlango wa damu) ya kushoto ya moyo. Kwa wa umbo kubwa misuli ya moyo hulegea, na hapo mlio unaweza usisikike kabisa.

Nyumbani kazi yako kubwa ni kuhesabu pumzi. Subiri alale fofofo, si anayehema wala anayeota. Mchana wa jua, mbwa aliyejilaza juu ya jiwe la moto atahema tu, hivyo hesabu usiku au alfajiri. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2, andika kwenye daftari. Chini ya 30 ni salama. Ikizidi 30 mara mbili mfululizo, mpigie daktari. Ikizidi 40, au ulimi ukiwa wa bluu, au amesimama kanyoosha shingo na kutanua viwiko hataki kulala, usisubiri kukuche: mapafu yanajaa maji.

Maji hayo hutolewa kwa frusemaidi, vile vidonge vya watu vya miligramu 40. Daktari akiandika miligramu 2 kwa kilo, mbwa wa kilo 10 anameza nusu kidonge kila baada ya saa 12. Uzito usiukisie: panda mizani umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Atakojoa sana, hata ndani. Watu wengi hapo humfichia maji ya kunywa, na hilo ndilo huua figo. Bakuli lisikauke. Kama mapafu hayana maji, dawa hii haimsaidii kitu. Pimobendani, dawa ya kuupa moyo nguvu, ikiandikwa, ni miligramu 0.25 kwa kilo mara mbili kwa siku, saa moja kabla ya chakula. Diklofenaki na ibuprofeni, hata akichechemea, hapana.

Chakula: chumvi huvuta maji mwilini. Kayabo (samaki wa chumvi) na mchuzi uliobaki mezani viishie hapo. Dagaa wa kuanikwa bila chumvi wanafaa ukiwaosha mchanga; mapanki mabichi (mifupa ya sangara iliyobaki na nyama) nayo yanafaa, yachemshe utoe miiba yote. Yale ya kukaanga yaliyotiwa chumvi mwachie muuzaji.

Mtembeze jioni, tambarare. Vilima vya mawe si vyake tena, na kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifua, maana ya shingoni humzidishia kikohozi.

Ukirudi kliniki beba daftari na vidonge vilivyobaki. Anayeishi kisiwani Ukerewe asingoje 40: pumzi zikifika 35 jioni, piga simu usiku huohuo, na kivuko cha kwanza kisikuache.