Kuanza udereva wa malori ukiwa umevuka miaka 40

Ukienda kuomba kazi ya semi, yaani lori linalovuta tela, ukiwa na miaka 45, bosi haanzi na umri wako. Anakuuliza umeendesha gari gani, njia ipi, na nani anakufahamu. Leseni utaipata mapema tu. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yanayokula muda, na mwongozo huu unahusu zaidi namna ya kuyapata. Mimi niliacha duka la vifaa vya ujenzi nikiwa tayari nina mtoto wa sekondari, na sasa njia yangu ni Dar es Salaam, Tunduma mpakani na Zambia, hadi Lubumbashi, Congo.

Hatua ya 1: Pima mwili kabla ya kulipa ada

Macho, presha, sukari. Ukihitaji miwani, nunua jozi mbili na moja ikae kwenye gari siku zote. Mwenye kisukari azungumze na daktari wake waziwazi kuhusu kazi anayoitaka, hasa kama anachoma insulini, kwa sababu sukari ikishuka ukiwa kwenye usukani hakuna wa kukusaidia. Na kama mkeo anasema unakoroma hadi pumzi inakatika, halafu mchana unasinzia hata kwenye kikao, hilo nalo mwambie daktari. Vijana hulicheka. Barabarani halichekeshi.

Hatua ya 2: Chuo na daraja E

Magari ya mizigo yanataka leseni ya daraja E. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, na vyuo vya VETA mikoani vinafundisha madereva na vyeti vyake vinajulikana kwa waajiri. Ukivutwa na chuo cha mtaani kwa sababu ya bei, nenda kwanza ukaone gari la mafunzo. Kama hakuna lenye tela, utakuwa unalipia nadharia. Baada ya hapo ni mtihani wa trafiki na malipo TRA, mamlaka ya mapato. Ulizia pia utaratibu wa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, wa kuthibitisha madereva wa magari ya biashara.

Hatua ya 3: Anza na tipa au Fuso

Hapa ndipo watu wazima wengi wanapochoka. Wanaona aibu kubeba mchanga na kokoto mjini wakati ndoto ilikuwa Congo. Beba tu. Kazi za mjini zinakupa foleni, vilima vifupi, kurudi nyuma kwenye vichochoro, na zaidi ya yote zinakupa mwenye gari atakayepokea simu na kusema, "Huyo namjua, hajawahi kunitia hasara." Kampuni nyingi zitataka wadhamini na barua ya serikali ya mtaa. Mtu mzima mwenye familia na makazi yanayojulikana hapo ana nafasi nzuri kuliko kijana, kwa hiyo itumie.

Kisha tafuta nafasi ya kukaa pembeni ya dereva wa semi, hata kama utaitwa tandiboi, yaani msaidizi wa dereva. Huenda dereva huyo akawa na umri wa mdogo wako wa mwisho. Mbele za watu atakuita mzee, lakini mkishafunga milango ya kabini yeye ndiye mwalimu. Akisema, "Mzee, hiyo gia kubwa, rudisha," rudisha kwanza. Maswali utauliza mkishasimama.

Hatua ya 4: Lijue gari likiwa limesimama

Kuunganisha kichwa, yaani gari lenye injini, na tela ndiko kunakomtofautisha dereva na mtu mwenye leseni. Rudi nyuma taratibu mpaka usikie mlio wa kufunga. Usiuamini huo mlio. Kabla hujapandisha miguu ya tela, acha breki ya tela ikiwa imefungwa, weka gia ndogo, vuta kidogo mbele. Likikataa kutoka, zima, shuka na tochi, inama chini ya tela utazame kama kufuli la kichwa limeikumbatia pini ya tela na hakuna uwazi kati ya tela na sahani ya kichwa inayoibeba. Ndipo uunganishe mipira ya upepo na waya wa taa, kisha upandishe miguu.

Asubuhi, toa maji kwenye matangi ya upepo. Upepo ukishajaa, zima injini, kanyaga breki, nyamaza usikilize. Panapovuja pataita.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya mizani kabla ya kutoka yadi

Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, inaangalia kila ekseli, yaani kila mhimili wa magurudumu. Kwa semi ya ekseli 6 ya kawaida: ya mbele tani 8, mbili za nyuma za kichwa tani 18, tatu za tela tani 24. Jumla 50. Unaweza kuwa na tani 48 ukakamatwa kwenye mizani ya Vigwaza, Pwani, kwa sababu mzigo umelalia mbele. Mpakiaji atakwambia iko sawa. Wewe omba karatasi ya uzito.

Hatua ya 6: Kitonga

Huu ni mlima wenye kona kali, kabla ya Iringa ukitokea Dar. Kwenda, unapanda. Shida ni kurudi na shaba. Chagua gia ukiwa bado kileleni, kabla mteremko haujaanza, na iwe ndogo kuliko unavyodhani inatosha. Washa breki ya injini. Breki ya mguu kanyaga kwa nguvu ya kutosha, mwendo ushuke, achia. Usiiegemee njia nzima, maana ngoma zikipata moto breki inakosa nguvu hata kama upepo umejaa. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta pa kusimama salama mapema. Nyutro kwenye mteremko, kamwe, hata anayekufundisha akikwambia inaokoa mafuta. Mwenye haraka nyuma yako atapiga honi. Mwache apige.

Hatua ya 7: Safari za nje

Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ziwe tayari kabla hujaitwa. Zambia wanaendesha kushoto kama sisi, lakini ukivuka Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Congo, unahamia kulia. Usukani wako uko kulia, kwa hiyo huoni mbele unapotaka kulipita gari. Siku za mwanzo usilipite gari lolote.

Kuhusu pesa, omba mkataba ulioandikwa, usitosheke na posho ya safari ya mdomo. Yaandikwe mambo matatu: faini ya mizani inalipwa na nani kama mzigo ulipakiwa na wengine, tairi likipasuka gharama ni ya nani, na mkikaa kwenye foleni ya mpakani kwa siku nyingi posho inaongezeka au inabaki ileile. Bosi akikwepa hilo la tatu, uliza madereva wake waliopaki Tunduma. Watakwambia kabla hujamaliza swali.