Kahawa na vinywaji vingine wakati wa ujauzito: namna ya kuhesabu kafeini kwa vikombe vyetu

Mjamzito hakatazwi kahawa. Anawekewa kipimo, nacho ni miligramu 200 za kafeini, ile kemikali ya kahawa na chai inayofukuza usingizi, kwa siku nzima. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikipitisha kiasi hicho mwaka 2015, na huduma ya afya ya Uingereza nayo inakitumia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unamtaka mama anayevuka miligramu 300 apunguze, kwa sababu ya hatari ya mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Sisi tunashauri ushike 200. Vikombe vyetu havipimwi kwenye mizani, na ukikosea hesabu kidogo bado unabaki chini ya 300.

Kwa nini kuwe na kipimo wakati kabla ya mimba ulikunywa utakavyo? Kafeini hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ini lake bado halina uwezo wa kuivunja. Mama mwenyewe naye huivunja taratibu zaidi kadiri mimba inavyokua. Asiye mjamzito hupunguza nusu ya kafeini mwilini kwa saa 3 hadi 5 hivi. Miezi ya mwisho ya ujauzito kazi hiyo inaweza kuchukua saa 15. Kahawa uliyokunywa saa kumi jioni, nusu ya kafeini yake inaweza kuwa bado imo mwilini ifikapo saa moja asubuhi, na kikombe kipya kinaikuta humo humo. Ndiyo maana mama wa miezi minane hukesha kwa kahawa ile ile iliyokuwa haimsumbui akiwa na miezi miwili.

Pima unga, usihesabu vikombe

Kosa la kawaida ni kusema "mimi nakunywa viwili tu". Viwili vya nini? Kwa kahawa ya kuchemsha nyumbani, kinachokupa hesabu ni unga unaotia. Aina kuu za kahawa ni mbili, arabika na robusta. Gramu 1 ya unga wa arabika ina takriban miligramu 12 za kafeini. Robusta ina karibu mara mbili, miligramu 22 hivi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 2 au zaidi kidogo. Basi vijiko viwili vya arabika ni kama miligramu 50, na vya robusta ni kama 90. Kijiko cha mlima kinaweza kuongeza nusu nzima ya hesabu hiyo, kwa hiyo kisawazishe kwa mgongo wa kisu.

Utajuaje ni aina gani? Soma pakiti. Kama haisemi, uliza ilikotoka: kahawa ya Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga kwa kawaida ni arabika, ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta. Kahawa ya kutafuna ya Bukoba nayo ihesabiwe, maana hapo unameza punje yenyewe.

Kahawa ya mtaani, ile ya kwenye dele, huwezi kuipima. Tumia makadirio ya tahadhari: finjani moja miligramu 50, na kama ni ya Kagera weka 100. Ya mwisho wa dele huwa nzito kuliko ya mwanzo, kwa sababu imekaa juu ya makaa maji yakipungua. Kashata haina neno upande wa kafeini, ni sukari tu.

Vingine ni rahisi kukumbuka. Magi ya kahawa ya kuyeyuka ina kama miligramu 100, ya kahawa iliyochujwa 140, ya chai 75. Kopo la kola lina 40. Maziwa hayaui kafeini. Chai ya maziwa iliyochemka na majani mengi inaweza kuizidi ya rangi. Magi mbili za chai na moja ya kahawa ya kuyeyuka tayari ni 250, na hapo hujagusa soda.

Vinywaji vya kuongeza nguvu, maarufu kama enaji, viache kabisa. Chupa ya mililita 250 ina kama miligramu 80 na ya 500 ina 160, pamoja na sukari nyingi. Soma maandishi madogo ya ubavuni: mara nyingi yanasema wazi kwamba hakimfai mjamzito.

Halafu kuna kafeini isiyonywewa. Panadol Extra ina miligramu 65 katika kila kidonge, kwa hiyo vidonge viwili ni 130. Mjamzito akiumwa kichwa aombe paracetamol ya kawaida, na amwambie muuza dawa kwamba ana mimba kabla hajapewa chochote.

Saa ya kunywa

Hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua, hata waliomo ndani ya 200. Chai na kahawa zina kemikali zinazokamata madini ya chuma tumboni yasifyonzwe. Chai inayonywewa pamoja na mlo inaweza kupunguza zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungekipata kwenye maharage na mboga za majani. Mama anakula matembele kila siku, anameza vidonge vya kuongeza damu, na kliniki bado wanamwambia damu ni kidogo. Muulize anateremshia na nini.

Kidonge cha kuongeza damu kimezwe kwa maji au juisi ya chungwa. Vitamini C husaidia chuma kuingia. Chai, kahawa na maziwa yasubiri saa 1 hadi 2 kabla na baada ya mlo au kidonge. Kama kidonge kinakuchafua tumbo asubuhi, kimeze usiku unapokwenda kulala. Hapo asubuhi inabaki huru kwa kikombe chako, katikati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Baada ya saa nane mchana usinywe tena kahawa.

Kupunguza bila kuumwa kichwa

Ukiacha ghafla, kichwa huanza kugonga baada ya saa 12 hadi 24 na kinaweza kuendelea kwa siku kadhaa. Punguza robo ya unga kila baada ya siku tatu, badala ya kuacha kikombe kizima. Lakini kama mimba imepita wiki 20 na kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu, au uso na mikono vimevimba, usiilaumu kahawa. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukapimwe shinikizo la damu, kwani hizo ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba.

Vya kujaza nafasi yake

Maji kwanza, kama glasi 8 hadi 12 kwa siku. Yachemshe mpaka yatokote dakika nzima. Nyanda za juu sana, dakika 3. Ukitumia dawa ya klorini, fuata kipimo cha pakiti na usubiri dakika 30. Homa ya ini aina ya E huenezwa na maji machafu na huwa kali mno kwa wajawazito wa miezi ya mwisho, kwa hiyo juisi ya miwa yenye barafu ya barabarani si ya wakati huu. Dafu lililopasuliwa mbele yako ni salama zaidi.

Maziwa yachemshwe hata kama ng'ombe ni wako. Mtindi wa maziwa mabichi una hatari ile ile ya vijidudu vya brusela, kifua kikuu na listeria; chemsha, poza, ndipo ugandishe.

Kichefuchefu kinatulizwa na tangawizi: vipande vichache vyembamba kwenye maji ya moto, bila majani. Juisi ya rosella huuzwa kwa sifa ya kuongeza damu, lakini rangi nyekundu si damu, na nayo inaweza kuzuia chuma. Isitumike kama tiba. Mwarobaini na shubiri visinywewe.

Pombe haina kipimo salama, iwe bia, mbege au mnazi. Togwa mpya yenye utamu inafaa. Ikishaanza kutoa povu na kuchoma ulimi, waachie wengine.