Jinsi ya kuchagua riwaya na vitabu vya kusikiliza kwa nyumba yenye watu wa rika zote

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kuisaidia nyumba moja ya Wete, ambamo bibi aliyepungukiwa na nuru ya macho, wajukuu wa skuli ya msingi, kijana wa kidato cha tatu na mama yao walitaka vitabu kwa wakati mmoja, kila mtu kwa haja yake. Kazi hii nimekuwa nikiifanya kwa jamaa na majirani, Unguja na Pemba, na ninalolisisitiza kila mara ni kwamba kitabu cha kusikiliza huchaguliwa kwanza kwa sauti ya anayekisoma na kwa wakati wa anayekisikiliza. Jina la mwandishi, tuzo na umri ulioandikwa kwenye jalada huja baadaye.

Hatua ya kwanza: Jua masikio yatakuwa huru wakati gani

Kabla ya kutafuta kitabu chochote, muulize mhusika ni saa zipi mikono yake ina kazi lakini masikio yake yako wazi. Anayesuka ukili, anayepanda gari kutoka Makunduchi kwenda mjini kila asubuhi, na watu wa nyumba wanaokaa baada ya Isha kuzichambua karafuu na makonyo yake, wote wana nafasi ya kusikiliza, ila nafasi zao hazifanani. Safari ya gari inataka sura fupi zinazoweza kukatika bila ya kuivuruga hadithi, lakini usiku wa kuchambua karafuu unaweza kubeba riwaya ndefu, kwa sababu watu hukaa kitako kwa muda mrefu na hurudi kesho yake. Asiyekuwa na wakati wa namna hiyo mpe kitabu cha karatasi.

Hatua ya pili: Tenga kitabu cha mtu peke yake na kitabu cha ukumbini

Jambo linalosomeka kimya bila ya taabu huwa zito likitamkwa kwa sauti mbele ya baba mkwe. Riwaya nyingi nzuri za Visiwani hazikwepi mapenzi, ulevi wala dhulma za ndani ya nyumba, na kwa hilo zinastahili heshima, lakini zinataka msomaji aliyetulia na nafsi yake. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, mimi humpa kijana mkubwa aisome mwenyewe, nikijua kwamba yuko mtu mzima atakayeweza kuzungumza naye akimaliza. Siiweki ukumbini.

Kwa ukumbini napendelea hadithi za upelelezi kuliko kitu chochote. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, ndiyo iliyomleta mpelelezi Bwana Msa, na mauaji yanayochunguzwa humo huwafanya mtoto wa miaka 12 na babu yake washindane kumtafuta muuaji, jambo ambalo riwaya ya mapenzi haiwezi kulifanya bila ya kumwinamisha mtu kichwa. Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, nayo inafaa sana, kwa kuwa inaugusa mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948, na wazee huomba usomaji usimamishwe ili waeleze waliyoyasikia kwa wazazi wao. Ruhusu kusimama huko.

Angalia pia ugumu wa mtindo, usiutazame unene peke yake. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, ni kitabu chembamba, lakini hakifuati mtiririko wa kawaida wa matukio, na kwa mtu anayesikiliza bila ya kuweza kurudi ukurasa wa nyuma ni kigumu kuliko riwaya iliyonyooka yenye unene wa mara tatu. Kitabu cha namna hiyo nakitaka kiwe mkononi.

Hatua ya tatu: Watoto

Walio chini ya miaka 7 wapewe hadithi za dakika 5 hadi 10, na kitabu chenye picha kiwe mbele yao ili kidole kifuate maneno. Tovuti ya African Storybook inatoa bure hadithi nyingi za Kiswahili zilizopangwa kwa viwango, na zinaweza kuchapishwa kwenye karatasi. Kuanzia miaka 8 au 9 wanaweza kuhimili sura ya dakika 20, na hapo Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, hufaa sana kusomewa sura kwa sura. Mwanafunzi mwenye kitabu cha mtihani wa fasihi asikilize akiwa na kitabu mkononi, kwani atatakiwa atoe mifano kutoka ndani yake.

Hatua ya nne: Sikiliza sampuli kabla ya kulipa au kupakua

Hatua hii ndiyo inayokula muda kuliko zote, na ukiiruka utapoteza fedha, bando na hamu ya msikilizaji. Sampuli zinazotolewa na wauzaji kwa kawaida ni za mwanzo wa kitabu, mahali ambapo sauti ya msomaji bado haijachoka na maelezo ni mengi kuliko mazungumzo. Kama unaweza kuruka, nenda katikati, utafute mahali ambapo watu wawili au watatu wanajibizana, usikilize dakika 5 nzima. Kama huwezi kuruka, sikiliza sampuli yote hadi mwisho.

Jambo la kwanza la kulipima ni kama unaweza kumjua anayesema bila ya kuambiwa jina lake. Msomaji mzuri si lazima aigize sauti ya kila mhusika, na mimi siwapendi wanaowaigiza wanawake kwa sauti nyembamba ya kulazimisha. Kubadilisha kidogo mwendo na uzito wa sauti kunatosha. La pili ni matamshi. Mzee wa Mji Mkongwe au wa Chake Chake aliyezoea kusikia dh, th, gh na kh zikitamkwa mahali pake atakerwa na msomaji anayesema zahabu na samani anapokusudia dhahabu na thamani, na akishakerwa huacha kuifuata hadithi na kuanza kuhesabu makosa. La tatu ni mashairi, kwa kuwa riwaya zetu nyingi hutia beti ndani ya masimulizi. Mshororo wa mizani 16 hugawika vipande viwili vya mizani 8, na msomaji asiyepumzika baina ya ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na utao, cha pili, anaugeuza ubeti kuwa sentensi ndefu isiyokuwa na umbo. Ikiwa kitabu kina beti, zitafute hizo kwanza, maana asiyeziweza utamjua papo hapo.

Kwa wazee pana la kuzidi. Usikivu unaopungua kwa umri huanza na sauti za juu, ndiyo maana mtu anasema anasikia lakini haelewi: vokali zinamfikia, ila s, f na th zinampotea. Mchagulie msomaji mwenye sauti nzito, awe mwanamume au mwanamke, na kataa kabisa rekodi yenye muziki chini ya maneno, hata uwe muziki mzuri namna gani. Kupunguza mwendo hadi 0.9 ya mwendo wa kawaida husaidia, lakini baadhi ya rekodi hukwaruza zikipunguzwa, hivyo jaribu hilo wakati wa sampuli. Sampuli yenyewe ichezwe kwenye chombo kitakachotumika na pahala patakapotumika, feni ikiwa inazunguka. Rekodi inayopendeza kwenye visikizi vyako inaweza isieleweke hata kidogo ukumbini, na mvua ikipiga bati ndiyo usiseme.

Usimuulize msikilizaji kama sauti ni nzuri. Kwa adabu yetu mtu aliyeletewa kitu hasemi kuwa ni kibaya. Yule bibi wa Wete nilimpigia kipande kimoja kwa sauti za wasomaji wawili, na kwa zote mbili jibu lilikuwa, "Nzuri, mwanangu." Nilipomuuliza, "Bibi, nani alimjibu nani pale?" alinisimulia mazungumzo ya rekodi ya pili yote, na ya kwanza hakuweza kutaja hata mtu mmoja. Uliza swali la namna hiyo, la kinachotendeka katika hadithi, na jibu litakuongoza.

Halafu kuna sauti za mashine, ambazo zimeenea sana katika rekodi za Kiswahili. Kwa riwaya mimi sizikubali. Huusoma msiba na harusi kwa uzito mmoja, hujikwaa kwenye tarakimu na vifupisho, na hazijui pa kuvuta pumzi. Ninapozikubali ni pale mwanafunzi asiyeona anapohitaji maandishi fulani kesho asubuhi na hapana rekodi ya mtu, kwani hapo kusubiri kungemdhuru zaidi.

La mwisho katika hatua hii ni kuhakikisha kwamba kitabu hakikupunguzwa. Kama una nakala ya karatasi, soma ukurasa mmoja kwa sauti huku ukitazama saa. Ukichukua dakika 2 na kitabu kina kurasa 200, utarajie rekodi ya karibu saa 6 na dakika 40. Rekodi ya saa 3 ya kitabu hicho imekatwa, hata kama tangazo halisemi, na riwaya iliyokatwa usimpe mtu kwa jina la riwaya nzima.

Hatua ya tano: Ikiwa hapana rekodi

Riwaya nyingi za Kiswahili hazina rekodi ya kununua. Wakati huo nunua nakala ya karatasi na umchague mtu wa nyumbani asome kwa sauti, sura moja kila usiku. Ikiwa riwaya ina mambo ya zamani ya Afrika Mashariki, kama Peponi, tafsiri iliyotoka mwaka 2022 ambayo Ida Hadjivayanis aliifanya kutoka riwaya ya Abdulrazak Gurnah, isomwe na mtu asiyekimbia, kwani sentensi zake zinataka nafasi. Mkimrekodi anaposoma, rekodi ibaki ndani ya nyumba, kwa sababu mwandishi na mchapishaji wana haki yao.

Hatua ya sita: Tia kwenye kadi

Kwa simu chagua programu inayokumbuka ulipoishia na yenye kipima muda cha kuzima wakati wa kulala. Kwa mzee napendekeza redio ndogo ya vitufe inayopokea memori kadi, kwa kuwa vidole huzoea vitufe haraka kuliko kioo. Mafaili yawe MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo hutumia kama megabaiti 29 kwa saa, na kadi ya gigabaiti 8 itachukua zaidi ya saa 250. Yakate kwa dakika 20, maana redio nyingi za aina hii zikizimwa husahau zilipofika ndani ya faili. Yape majina ya 001, 002, 003 na kuendelea, kwani ukiandika 1, 2, 3 baadhi ya vyombo vitaiweka 10 kabla ya 2, na wakati wa kunakili tia moja baada ya jingine kwa mfuatano huo, kwa sababu vyengine hufuata mpangilio wa kunakiliwa wala havitazami majina. Kabla ya kuikabidhi redio, cheza faili la 001, ruka hadi 002, kisha 010, na uhakikishe kwamba hadithi inaendelea pale ilipoachwa.